Orodha Isiyoguswa

Dada yangu alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa napiga mswaki, akanipigia kigelegele sikioni. Mtu ambaye kwa mwaka mzima hapandi ngazi nne bila kukaa chini, sijui siku hiyo pumzi ya kigelegele aliitoa wapi.

"Wa sita!" alisema. "Mdogo wangu, nimekuwa wa sita! Ujumbe umeingia sasa hivi. Jana nilikuwa wa thelathini na nane."

Nikatema povu. Ningependa kusema nilifurahi, hata kwa dakika moja, lakini orodha ile niliiandika mimi, na mwandishi wa orodha anajua kwamba mtu hawezi kulala wa thelathini na nane akaamka wa sita. Kuna mahali mambo yalikuwa yameharibika, na mahali hapo palikuwa pangu.

"Hongera, Dada," nilimwambia. Nyuma yake nilimsikia binti yake akicheka na kuuliza begi la safari liko wapi.

Chama chetu ni cha wagonjwa wa moyo. Mara mbili kwa mwaka wanakuja madaktari wa nje, wanakaa wiki moja hospitalini, wanabadilisha valvu za moyo kwa watu sita. Sita tu, kwa sababu vitanda vya uangalizi ni vichache na wiki ina siku saba. Zamani foleni ilikaa kwenye daftari la Matroni, na daftari lile lilikuwa na ugonjwa wake: majina yalihama. Ulikuwa wa pili, unaumwa mafua wiki moja, unarudi unakuta wewe ni wa tisa na mbele yako kuna shemeji wa mtu. Watu wakachoka. Wakaniita mimi, kwa sababu kazi yangu ni kompyuta na dada yangu ni mwanachama.

Niseme wazi nilichokifanya, maana wengi wakisikia blokucheni wanadhani ni uchawi au utapeli. Ni daftari tu. Ila daftari hili lina nakala kwenye maelfu ya kompyuta, na ukiandika neno, nakala zote zinaandika. Hulifuti. Unaweza kuandika jipya mahali pake, lakini la zamani linabaki kwenye kumbukumbu na kila mtu analiona. Ndani ya daftari hilo nikaweka mkataba, yaani programu ndogo inayotunza majina pamoja na sheria zake. Katibu wa chama anaongeza jina mwishoni. Mgonjwa anajitoa mwenyewe, kwa dole gumba lake kwenye simu yake. Aliyefariki anatolewa na Katibu, akiwa na cheti cha kifo. Hakuna mlango wa nne, na ukishaupandisha mkataba huko juu huurekebishi tena.

Siku ya kuuzindua nilisimama mbele ya mkutano, kichwa kimenivimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi. Nikasema: "Orodha hii hakuna wa kuigusa. Si Daktari, si Katibu. Hata mimi mwenyewe siwezi kuigusa." Walinipigia makofi mpaka nikaona haya. Nikapendekeza na kifungu kwenye katiba ya chama, kwamba mkataba usibadilishwe na mwingine bila mkutano mkuu, na mkutano mkuu usiitwe bila notisi ya siku thelathini. Kikapita bila kupingwa, na Dada, aliyekaa safu ya mbele, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Basi Jumanne hiyo nilifika ofisini kabla ya kunywa chai. Ofisi ya chama ni chumba kimoja nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali. Ukuta mmoja ni wa moto siku nzima, na mashine zikianza kukamua mashuka meza inatetemeka. Dirisha tunalo, lakini lilipigwa rangi likiwa limefungwa, na tangu hapo halijafunguka. Nikawasha kompyuta, nikafungua programu yangu, nikaisoma. Sikuhitaji dakika tano.

Kumtoa mtu katikati ya orodha kuna njia mbili. Moja ni ya haki: akitoka wa sita, wa saba anasogea, wa nane anasogea, mpaka mkiani. Lakini kila anayesogea ni mwandiko mpya, na kila mwandiko kwenye mnyororo, yaani hiyo blokucheni, una ada yake. Nyingine ni ya mkato: unamchukua wa mwisho, unamweka kwenye pengo, unakata mkia. Miandiko miwili, kazi imekwisha. Sisi tunaoandika mikataba tunaiandika hii hata tukiwa na usingizi. Niliwahi kuitumia kwenye orodha ya chama cha wafuga nyuki, ambako nani kaandikwa wapi hakuna anayejali. Na kipande kilekile nikakinakili, nikakibandika kwenye foleni ya watu wenye mioyo mibovu.

Niliijaribu, msinisingizie hilo. Niliweka majina mawili, nikatoa la kwanza, la pili likawa la kwanza. Safi. Kwenye foleni ya watu wawili, wa mwisho ndiye anayefuata. Nikaipandisha, nikaenda kula.

Usiku wa kuamkia Jumanne yule wa sita alikuwa amefariki, mzee mmoja fundi saa. Katibu akaleta cheti asubuhi mapema, akaandika, na mkataba wangu ukafanya ulichoambiwa: ukamchukua wa mwisho, ukamtia kwenye pengo la mzee. Wa mwisho alikuwa dada yangu.

Katibu aliingia nikiwa nimejishika kichwa. Ni nesi mstaafu, miwani yake inaning'inia shingoni pamoja na kifaa kidogo cha kutilia saini, na anavua kimoja huku anashika kingine. Nilimweleza. Aliuliza maswali mawili, akaelewa, kisha akakaa.

"Mwanangu, watu wakijua utawaambia nini? Kwamba programu ilimchagua dada yako, kati ya watu wote, kwa bahati?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Najua ndivyo ilivyokuwa. Nakuuliza utawaambia nini."

Akapiga simu hospitalini mbele yangu. Waliomjibu walikuwa na adabu kabisa. Walisema Ijumaa saa sita kamili mchana wanasoma majina sita ya juu kwenye orodha, na asubuhi ya siku ya kwanza ya upasuaji wanayasoma tena, endapo kuna aliyetoka. Karatasi hawapokei. Barua hawapokei. Tuliwatilia saini wenyewe, baada ya yale ya daftari, kwamba wasipokee chochote kutoka kwa mtu yeyote.

Hajaweka simu chini, mlango ukabishwa. Aliingia mama mmoja mnene wa makamo, mwenye nyuzinyuzi za pamba kwenye nywele, akihema. Watu wa kliniki wanamwita Mama Godoro, kwa sababu anashona magodoro, na sindano anayotumia ni ndefu kuliko kidole changu. Yeye alikuwa wa saba.

"Kijana," alisema, "yule mzee fundi saa tulikuwa tunakaa naye benchi moja. Ametangulia jana. Mimi mbona bado wa saba?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikasema, "Mtandao unasumbua kidogo, mama. Vuta subira."

"Mtandao," alisema. Akanitazama, akamtazama Katibu, ambaye ghafla alipata kazi ya kufuta miwani. "Haya. Nitavuta."

Alipotoka mashine zilianza kukamua, meza ikatetemeka, na mimi nikakaa pale nikipiga hesabu ya woga. Nikinyamaza mpaka Ijumaa saa sita, Dada anapasuliwa, anapona, na Mama Godoro anangoja miezi sita mingine akidhani ni mtandao. Nikisema, Dada anarudi mkiani. Mkataba siwezi kuugusa. Mpya siwezi kuupandisha kabla ya siku thelathini. Kila mlango niliousukuma nilikuta kufuli lake ni langu, tena nililifunga mbele ya mashahidi.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka mitano, Dada ana kumi na tano. Akaacha shule akanilea. Nilipofeli hesabu darasa la sita alinikalisha mezani mwezi mzima, kila jioni. Yeye mwenyewe kugawanya hajui, alishika kitabu tu na kukaa mlangoni ili nisikimbie. Kila ninachokijua kwenye kompyuta kilianzia kwenye kile kiti. Nawaambia hili ili mjue nilikuwa nakwenda kumfanyia nini nani.

Nilikwenda Jumatano mchana. Nilimkuta amekaa kitandani, miguu imevimba imewekwa juu ya mto, anakunja kanga za kwenda nazo hospitali. Binti yake alikuwa akiandika jina la mama yake kwenye chupa ya maji kwa kalamu nzito.

"Mjomba, umekuja kula au umekuja kututania?"

"Tupishe kidogo," nilimwambia. Alipotoka nikasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayemeza dawa chungu: mkato, wafuga nyuki, majina mawili, fundi saa, Mama Godoro.

Dada aliendelea kukunja kanga. Akamaliza ile, akachukua nyingine.

"Kwa hiyo si zamu yangu."

"Si zamu yako."

"Na usingeniambia?"

"Usingejua."

"Basi kwa nini umeniambia?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi, hata kwa kofi. Sikujitayarisha kwa swali.

"Nitakwambia mimi," alisema, na pumzi ilikuwa imeanza kumkatika. "Ulikuwa na mzigo wako, ukaona mzito, ukaja kunitwisha. Jana nilikuwa mtu mwenye bahati. Leo umenifanya nichague niwe mwizi au niwe maiti. Ungeninyamazia, ungekuwa mwizi wewe, mimi nikapona. Hukuliweza hilo?"

"Sikuliweza, Dada."

"Haya, nenda. Nenda kwako, nisije nikakutupia hii chupa."

Nikaenda. Njiani nilikuwa na hasira naye, na hasira ile ilinipa nafuu mpaka nilipofika kona ya kwangu. Hapo ikaniishia, nikabaki na mimi mwenyewe.

Alhamisi asubuhi alinipigia. Hakusalimu.

"Nikijitoa, nafasi inakwenda kwa huyo mama wa magodoro?"

Nikafumba macho. "Haiendi. Inakwenda kwa aliye mwisho sasa. Mtu tusiyemjua hata sura."

Akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kutulia. Nilisubiri nikisikiliza binti yake akimpa maji.

"Uliandika nini wewe?" alisema aliporudi. "Yaani hata dhambi yenyewe hairudishiki?"

"Kuna njia. Lakini ni ngumu. Huyo mama ajitoe kwanza. Katibu amwandike upya, awe wa mwisho kabisa. Halafu wewe ujitoe. Mkataba utamchukua wa mwisho, ambaye ni yeye, utamweka wa sita."

Aliifikiria. Dada hajui kugawanya, lakini si mjinga.

"Kwa hiyo kuna wakati yeye anakuwa mkiani na mimi bado ni wa sita."

"Ndiyo."

"Na hakuna wa kunilazimisha."

"Hakuna. Ni dole gumba lako tu."

"Mwambie aje," alisema, akakata simu.

Kumwambia Mama Godoro kulikuwa kubaya kuliko nilivyodhani, kwa sababu hakupiga kelele. Nilimkuta barazani kwake amepiga magoti juu ya godoro la mtu, sindano mdomoni. Nilipofika kwenye neno dada aliitoa sindano, akaichomeka kwenye godoro.

"Wewe ndiye uliyesema mtandao unasumbua."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa unataka niondoke kwenye saba yangu nikae mkiani, nimngojee dada yako aone huruma."

"Ndiyo."

"Hivi wewe, ungekuwa mimi, ungekubali?"

"Nisingekubali."

Akaichomoa sindano. "Angalau hilo hukudanganya," alisema. "Nikikaa saba upasuaji naukosa tu. Nikienda mkiani naweza kuupata. Nitakuja. Lakini nataka kumwona uso huyo dada yako."

Ijumaa saa tano na nusu tulikuwa wanne kwenye kile chumba, na joto la ukuta. Dada alikuja na begi lake la hospitali. Sikumuuliza kwa nini amelileta. Nilimpa kiti cha karibu na mlango, Mama Godoro akakaa kando yake, na kwa kuwa ofisi ina viti vitatu, mimi nilisimama. Niliwaeleza kwamba mnyororo huchukua kama dakika mbili kukubali mwandiko, kwa hiyo mwisho wa kubonyeza ni saa tano na dakika hamsini na saba. Nilieleza kwa sauti ya kikazi kabisa. Nilijichukia.

"Naanza?" Mama Godoro aliuliza. Hakungoja jibu. Akaweka dole gumba kwenye simu yake. Dole lile lilikuwa gumu kwa sindano, simu ikalikataa mara mbili. Akalilamba, akalifuta kwenye sketi, akaliweka tena. Likakubaliwa. Baada ya dakika mbili ujumbe ukaja: hayupo tena kwenye orodha. Katibu akavua kifaa shingoni, akamwandika upya. Dakika mbili nyingine. Wa thelathini na saba.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na moja. Sote tukamtazama Dada.

Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Kitufe kilikuwa pale, chekundu, na chini yake maneno niliyoyaandika mimi: *Una uhakika?* Akakitazama. Akaiweka simu juu ya begi. Akaichukua tena.

Nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia Katibu. Nilikuwa namwombea asibonyeze. Nilisimama pale, mtu wa haki, mtu wa orodha isiyoguswa, na moyoni nasema: acha, Dada, acha ipite, dakika kumi na tano tu, funga macho. Mashine zilikuwa zikikamua na jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi.

Mama Godoro alikuwa akitoa nyuzi za pamba kwenye sketi yake, mmojammoja, akiziviringisha kuwa kidonge.

Saa tano na arobaini na tisa Dada alimgeukia. "Una watoto?"

"Usiniulize hilo," Mama Godoro alisema. "Nikisema ninao, utaona nakulilia. Nikisema sina, utaibakiza."

Dada akatabasamu, tabasamu ambalo nilikuwa sijaliona wiki ile. "Una mdomo wewe," alisema, na akaweka dole gumba lake. Simu yake ililikubali mara moja.

Dakika mbili zile hakuna aliyepumua vizuri. Kisha simu ya Mama Godoro ikalia. Wa sita. Aliusoma ujumbe, akausoma tena, akajifunika uso kwa ukosi wa blauzi. Katibu alianza kulia, halafu akakumbuka kazi, akavaa miwani.

"Sasa na wewe nikuandike, mama," alimwambia Dada. "Upate nafasi yako."

"Mwandike haraka!" nilisema. Nilikuwa nimefikiria hili tangu Alhamisi, na likanitoka lote kama maji kwenye bomba lililopasuka. "Dada, sikiliza. Orodha itasomwa tena asubuhi ya upasuaji. Bado siku tisa. Akitoka mmoja tu kati ya wale sita, anayeingia ni wa mwisho, na wa mwisho utakuwa wewe. Na wa nne hali yake ni mbaya. Juzi amerudishwa wodini, hata kula hali. Wa nne hafiki hiyo siku, Dada, nimeuliza—"

Nikanyamaza, lakini nilikuwa nimechelewa.

Mama Godoro alikuwa ameshusha ukosi. "Na mimi je?" aliuliza taratibu. "Mimi hali yangu umeiuliza?"

Sikuweza kumtazama. Niliangalia dirisha lililopigwa rangi.

"Asiniandike," Dada alisema.

"Dada—"

"Umesikia ulichosema? Siku tisa nikae kwangu nangoja mtu afe, na wewe unanipigia simu kila asubuhi kuniambia amekula au hakula? Siku foleni itakapokuwa foleni, mniandike." Akasimama, akishikilia mlango. "Nibebee begi."

Nikambebea.

Wa nne alipasuliwa na akapona. Nilimwona mwezi uliofuata nje ya lango la hospitali akichagua machungwa, akigombana na muuzaji kwamba yana ngozi nene. Nilisimama nikamtazama mpaka akadhani tunafahamiana, akanipungia mkono. Nami nikampungia.

Mkutano mkuu ulifanyika siku ya thelathini na moja. Nilieleza kila kitu nikiwa nimesimama palepale nilipojisifu. Walinizomea, na waliponizomea vya kutosha mmoja akasema tuangalie kumbukumbu. Nikaufungua mnyororo, ukaonekana ukutani kwa projekta. Kila mwandiko ulikuwepo, na saa yake na saini yake: fundi saa kutolewa, Dada kurushwa na mkataba wenyewe, Mama Godoro kujitoa na kuandikwa upya, Dada kujitoa. Hakuna mkono wa mtu uliopita humo kwa siri. Mama Godoro, kidonda cha kifua hakijakauka vizuri, alisimama akasema maneno machache, na baada yake hakuna aliyezomea. Wakapiga kura niandike mkataba mpya, wanachama wanane waukague, na kila mtu arudishiwe nafasi yake kwa mpangilio wa kwanza, Dada akiwemo.

Niliuandika nyumbani kwa Dada, kwenye meza ileile. Alikataa niandike kwangu. Alikuwa amekusanya vizibo vya soda, akavipanga mstari mmoja mezani, thelathini na nane, na kila nilipomaliza kipande aliniambia nimwonyeshe kwa vizibo: akitoka huyu, nani anasogea? Nami nasogeza kimojakimoja kwa kidole mpaka mkiani. Akikuta kimeruka kimoja ananirudisha mwanzo. Alikuwa amehamishia kiti chake mlangoni kwa sababu ya hewa.

Mahali pamoja mkono wangu ulisita. Mstari mmoja tu ungetosha, mlango mdogo wa kumpitishia Dada, ningeuficha hata hao wanane wasiuone. Nilikaa nikitazama mahali hapo kwenye kioo. Nilipoinua macho, Dada alikuwa ananitazama mimi.

"Umemaliza?"

"Namalizia."

"Umeweka mlango?"

"Sijaweka."

"Usiweke."

Sikuweka. Wanane walikagua, tukaujaribu kwa majina arobaini, tukamtoa wa kwanza, wa katikati, wa mwisho, kila mtu akasogea hatua moja kama inavyotakiwa. Jumatatu tukaupandisha juu.

Ujumbe wa Dada uliingia nikiwa kwake. Alinipa simu nimsomee, maana miwani ilikuwa mbali naye na yeye siku hizi hainuki bila sababu.

"Wa ngapi?"

"Wa thelathini na moja."

Akajivuta hadi mezani. Akatoa vizibo saba: kimoja cha fundi saa, sita vya waliopasuliwa. Vilivyobaki akavikusanya kwa kiganja, akaanza kuvipanga mafungu ya sita sita, polepole, akisogeza midomo. Mafungu matano. Kikabaki kizibo kimoja, akakiweka peke yake.

"Hiki ndicho mimi," alisema. "Safari ya sita. Na wanakuja mara mbili kwa mwaka."

Daktari alikuwa amempa mwaka mmoja, na akijitunza sana, mwaka na nusu. Tulikuwa wote chumbani alipolisema.

"Nimegawanya sawasawa?"

"Sawasawa kabisa, Dada."

"Na sasa hakuna wa kuigusa."

"Hakuna."

"Hata wewe mwenyewe."

"Hata mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akavirudisha vizibo mstari mmoja, kile cha peke yake mkiani. Kisha akaniomba nimfungulie dirisha.